Karama, kipawa, paji, zawadi: neno moja la Kiingereza na kazi ya mkalimani

Kuna sentensi fupi ambayo wahubiri wageni huipenda sana: "Salvation is a gift, not a reward." Mkalimani mwenye haraka hujibu papo hapo, "Wokovu ni zawadi, si tuzo." Kamusi inamuunga mkono, sarufi haina kasoro, lakini ujumbe umepinduka kabla haujafika benchi la tatu.

Msikilizaji wa Bahi au Chamwino, hapa mkoani Dodoma, anakutana na zawadi wapi siku za kazi? Kwenye mashindano. Zawadi ni mbuzi wa timu iliyochukua kombe la kata, ni madaftari ya mwanafunzi aliyeshika namba moja, ni kitenge cha kwaya iliyoshinda. "Mshindi wa kwanza atapata zawadi" ni tangazo la kila kijiji. Zawadi na tuzo hukaa juu ya meza moja, zimefungwa kwa karatasi ileile. Kwa hiyo ukizitenganisha kwa "si", msikilizaji haoni umetenganisha nini, na kinachobaki kichwani mwake ni kwamba wokovu ni wa mshindi. Hicho ndicho mhubiri alichokuwa anakikana.

Afadhali kuiacha nomino na kukimbilia kitenzi: "Wokovu haununuliwi wala haushindaniwi, Mungu anatupa bure." Ni ndefu kuliko ya Kiingereza, lakini mhubiri atakusubiri. Neno linalobeba mzigo hapo ni "bure", na hakuna mtu Dodoma asiyejua maana yake.

Nimeanza na sentensi hii kwa sababu makosa mengi ya kufasiri maneno ya imani yanafanana nayo. Kosa mara nyingi si kutojua neno. Tunalijua, ila tunasahau kwamba lilikuwa na ajira nyingine kabla hatujalipandisha madhabahuni. Neno lilikuwa sokoni jana, au bungeni, au shambani, na linakuja na vumbi la huko.

Tulitazame kwanza kundi la "gift", maana ndilo lenye vurugu kubwa. Kiswahili cha makanisa kinatumia maneno matano pale Kiingereza kinapotumia hilo moja: zawadi, karama, kipawa, kipaji na paji. Si visawe, hata kama vitabu vingine vinayachanganya.

Karama imetoka Kiarabu, kwenye mzizi uliotupatia pia ukarimu, kukirimu na karamu. Ndani yake mna heshima na mkono ulio wazi. Ni neno zuri kwa kile ambacho Mungu hukitoa kwa kuwa yeye ni mkarimu, na Biblia ya Union Version ya 1952 imelitumia hivyo. Katika Warumi 6:23, mshahara wa dhambi umewekwa uso kwa uso na karama ya Mungu. Katika 1 Wakorintho 12:4, "pana tofauti za karama". Neno la Kigiriki ni lilelile mahali pote pawili, kharisma, na wafasiri wa Union wakalipa neno lilelile la Kiswahili. Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, kwenye mkutano wa hadhara wenye mchanganyiko wa watu, Muislamu anaposikia karama anaweza kufikiria ajabu ambalo Mungu humjalia walii, tofauti na muujiza ambao ni wa mitume. Hajakosea; hiyo ndiyo maana yake kwao. Ya pili ni ndugu yake karama aitwaye takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, neno lililoingia kwenye sheria za uchaguzi na kuchafuka huko mpaka Mahakama Kuu ikavitangua vifungu vyake mwaka 2006. Mhubiri akisema Mungu ni "generous", usiguse takrima hata kidogo. Sema Mungu ni mkarimu.

Kipawa kimetokana na kupa. Ni kile ambacho mtu kapewa, na uzuri wake ni kwamba mtoaji yumo ndani ya neno lenyewe: huwezi kuwa na kipawa ulichojitengenezea. Union Version inakitumia kwenye Waefeso 2:8, kwamba wokovu "ni kipawa cha Mungu", na kwenye Matendo 2:38, kipawa cha Roho Mtakatifu. Shida yake ni umri. Vijana wengi wanaijua Kipawa kwa kuwa ni kata iliyo karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Ukilitumia neno hili mbele yao, liambatanishe na kitenzi mara moja: "kipawa, yaani kitu alichotupa Mungu."

Kipaji nacho kimetoka kwenye kupa, lakini kimehamia shuleni na uwanjani. Hapa Dodoma hilo linaonekana kwa macho. Msalato kuna shule ya sekondari ya wasichana ambayo ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu, na Msalato hiyohiyo kuna chuo cha theolojia. Upande mmoja kipaji ni alama za mtihani. Upande wa pili wanafundisha karama za Roho. Mtu wa kawaida akisikia "kipaji cha unabii" anamfikiria mtu aliyezaliwa na akili ya kutabiri, kama vile mwingine alivyozaliwa na mguu wa mpira. Biblia Habari Njema imechagua kusema "vipaji vya kiroho" kwenye 1 Wakorintho 12, na kivumishi "vya kiroho" ndicho kinachoikomboa. Ukiondoa kivumishi hicho katikati ya mahubiri ili kufupisha, umerudi kwenye mtihani wa darasa la saba. Kwa maoni yangu kipaji kibaki kwa uimbaji, uchoraji, mpira na hesabu, ambavyo navyo hutoka kwa Mungu, na karama ibaki kwa orodha ya Paulo.

Halafu kuna paji, ambalo asiye Mkatoliki linampiga chenga. Wakatoliki wana mapaji saba ya Roho Mtakatifu: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Mtoto anayejiandaa kwa Kipaimara anayajua kwa moyo. Mlokole akiyasikia kwa mara ya kwanza anawaza mapaji ya nyuso. Ukipewa kijitabu cha Kiingereza chenye "seven gifts of the Holy Spirit", hilo ni paji, si karama, na majina yake saba yamekwisha kukaa, usiyabuni upya. "Piety" hapo ni ibada, hata kama ibada kwa wengine ni ile ya Jumapili saa tatu. Na kitu kimoja kinachowapotezea watu muda: wanafungua Isaya 11:2 kwenye Union Version kutafuta yote saba, wanahesabu, wanapata sita. Hakuna ukurasa uliokosekana. Kiebrania kina sita. La saba, hilo la ibada, limekuja kupitia tafsiri ya kale ya Kigiriki na ya Kilatini, na mapokeo ya Kikatoliki yamelishika kutoka huko.

Kabla sijaliacha kundi hili, kuna herufi moja ya kuchunga. "The gift of the Holy Spirit" na "the gifts of the Holy Spirit" zinatofautiana kwa s moja tu, na spika za mkutano wa nje hulimeza s kirahisi. Ya kwanza, kama ilivyo Matendo 2:38, ni Roho mwenyewe aliyetolewa. Ya pili ni vitu ambavyo Roho anavigawa. Kiswahili kina kiambishi cha mwanzo cha kusaidia, kipawa na vipawa, lakini "kipawa cha Roho Mtakatifu" bado kinaweza kueleweka kama kitu kimoja kati ya vitu vya Roho. Maana ikiwa ya kwanza, sema wazi: "Mungu atawapa Roho Mtakatifu mwenyewe." Kama hukusikia vizuri, muulize mhubiri kwa sauti ya chini, moja au nyingi? Hiyo ni sekunde mbili, na hakuna atakayekulaumu.

Imani sasa. Watu hudhani ndilo jepesi, kwa kuwa linafanana mahali pote. Lakini jaribu hili: "That man has no faith." Ukisema "Yule bwana hana imani", nusu ya wasikilizaji wamesikia kwamba ni katili. Kwa Kiswahili imani ni huruma pia. "Mwonee imani" tunamwambia mama anayemchapa mtoto. "Hana imani" tunamsema tajiri aliyemfukuza mgonjwa mlangoni. Maana hii ni ya zamani na iko hai. Kwa hiyo taja kinachoaminiwa: "Yule bwana hamwamini Mungu", au "haamini kwamba Mungu atatenda."

Hapo ndipo ninapoomba wakalimani wakae kidogo. Kiingereza kinaweza kusema "faith" ikaning'inia hewani, bila kusema ni kwa nani. Kiswahili kina kitu bora zaidi, kiambishi cha mtendwa. Angalia Marko 11:22. Kigiriki kinasema, kama tukikifuata neno kwa neno, iweni na imani ya Mungu. Kiingereza kikaandika "Have faith in God". Union Version ikaandika maneno mawili: Mwaminini Mungu. Lifungue hilo neno la kwanza. Mw- ni yeye, Mungu, ameingia ndani ya kitenzi kabla hata hujamtaja. Amini ni kazi yenyewe. -ni ya mwisho ni ninyi nyote, si Petro peke yake, jambo ambalo Kiingereza cha leo hakiwezi kulionyesha. Sentensi hiyo haiwezi kugeuzwa ikawa "tumia imani yako", kana kwamba imani ni betri mtu anayotembea nayo mfukoni. Mhubiri akirudia "have faith, have faith" mara tano, usirudie "iweni na imani" mara tano. Sema Mwaminini Mungu, na utakuwa umemsaidia hata yeye.

Imani nyingine iko bungeni. Ibara ya 53A ya Katiba inazungumzia kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na kwa mkazi wa Dodoma hayo si maneno ya mbali. Imani hiyo ni "confidence", na ukiwa unafasiri waraka wa shirika la dini usishangae kuikuta kwenye ukurasa uleule na imani ya wokovu. Ni vizuri ya kwanza ukaiandika "kuwa na imani na uongozi", kwa "na", na ya pili ukaiandika kwa kitenzi kumwamini. Masikio ya Watanzania yamezoea tofauti hiyo.

Mengine nitayapitia haraka. "People of all faiths" ni watu wa dini zote, si watu wa imani zote. "Faith-based organisations" ni taasisi za dini. "In good faith" ni kwa nia njema, haihusiani na Mungu kabisa. "The faithfulness of God" ni uaminifu wa Mungu, kamwe si imani ya Mungu; na katika Wagalatia 5:22 neno la Kigiriki la imani limefasiriwa uaminifu, kwa sababu pale ni tabia ya mtu wa kutegemewa. "The faithful" Wakatoliki huwaita waamini, wengine karibu wote waumini. "Traditional beliefs" ni imani za jadi. Ukiandika "imani za kishirikina" umeshamhukumu mzee ambaye mwandishi wa Kiingereza alikuwa anamwelezea tu. Hilo la mwisho naliona mara nyingi kwenye ripoti, na linaumiza watu.

Anayedhani vurugu hii ni ya Kiswahili peke yake aangalie Kicheki. Nakichagua kwa sababu kiko mbali nasi kwa kila namna: ni lugha ya Kislavoni, ya nchi isiyo na bahari katikati ya Ulaya, yenye Biblia maarufu ya Kralice iliyoanza kuchapwa mwaka 1579 kwa sehemu sita. Hakikuchukua maneno yake ya dini kutoka Kiarabu kama sisi. Na bado mfasiri wa Kiingereza kwenda Kicheki anakanyaga mashimo yaleyale.

Imani kwa Kicheki ni víra. Kutoka shina hilo wana věrnost, uaminifu, důvěra, kumtumaini mtu, pověra, ushirikina, na nevěra. Hilo la mwisho ni mtego. Linaonekana kama kinyume cha imani, na mwanafunzi wa lugha hulitumia kwa "unbelief". Kumbe nevěra ni kutoka nje ya ndoa. Kutoamini ni nevíra, na tofauti ni irabu moja. Familia hiyo imefika hadi benki: úvěr ni mkopo, na věřitel ni anayekudai, wakati věřící ni muumini. Ukikosea mwisho wa neno, kanisa zima limejaa wadai. Tusicheke, maana sisi tuna amana. Fedha uliyoweka benki na imani uliyo nayo kwa Mungu zimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu, pamoja na amini na uaminifu. Kicheki na Kiswahili, bila kujuana, vimeona kitu kilekile: kumwamini mtu ni kumwachia chako mkononi.

Kicheki kina jambo moja ambalo natamani tungekuwa nalo. Wakisema věřit Bohu, maana yake ni kumwamini Mungu kwa alichokisema, kulisadiki neno lake. Wakisema věřit v Boha, maana yake ni kuamini kwamba yuko na kumwekea tumaini. Mwisho wa jina la Mungu unabadilika na kale ka-v kanaingia katikati, na maana imetengana. Kiingereza nacho kina "believe God" na "believe in God". Sisi tuna kumwamini Mungu kwa yote mawili. Hotuba inapojengwa juu ya tofauti hiyo, na wahubiri wengi huijenga, hakuna njia ya mkato: ya kwanza iwe "nasadiki analosema Mungu", ya pili iwe "namwamini Mungu". Kusadiki na kuamini kwa watu wengi ni kitu kimoja, na Wakatoliki husema "Nasadiki kwa Mungu" kwenye Kanuni ya Imani pale wengine wanaposema "Namwamini Mungu". Ndiyo maana siwezi kukuambia utenganishe kwa kitenzi peke yake. Kinachotenganisha ni "analosema".

Upande wa vipawa, wao wana dar na dárek. Dárek ni kile kidogo cha siku ya kuzaliwa, kilichofungwa kwa utepe. Cha Mungu ni dar, na mapaji saba ya Roho Mtakatifu ni dary. Ukisema Mungu katupa dárek umemfanya shangazi aliyekuja na pipi. Mtu mwenye kipaji huitwa nadaný, na kipaji chenyewe nadání, kutoka kitenzi chao cha kutoa, sawasawa na kipawa na kupa.

Neema yao ni milost, na milost ndiyo pia anayoitoa rais wao anapomsamehe mfungwa. Mcheki anaposikia ameokolewa kwa milost, mlango wa gereza uko karibu na sikio lake. Kwetu Rais hutoa msamaha, si neema, kwa hiyo mfano huo haupiti. Mwandishi wa Kiingereza akitumia "pardon" na "grace" kama ndugu wawili, kwa Kiswahili ni lazima uwaoanishe mwenyewe: "msamaha ambao hatukuustahili, na huo ndio neema."

Kwa nini kuutaja mlango wa gereza? Kwa sababu neema yetu ina mlango wake, na kwa mkoa huu ni mlango wa ghala. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kiasi cha milimita mia tano na kitu kwa mwaka, na ikikatika Februari mtama na uwele hukauka ukiwa umesimama. Mwaka ikinyesha vizuri, watu husema "mwaka huu ni wa neema." Neema ni chakula kilichojaa. Kwa hiyo "a year of grace" ukiitangaza kwa mkulima wa Mvumi kuwa ni "mwaka wa neema", umemwahidi mavuno. Akivuna debe mbili atauliza neema imekwenda wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Sema "mwaka ambao Mungu anatuhurumia na kutupokea", au chochote mhubiri anachomaanisha, kisha ndipo neno neema lifuate.

"Favour" ni mbaya zaidi. "Upendeleo wa Mungu" unanukia ofisi ambayo watoto wa wakubwa hupata kazi kwanza. "Kibali" ndilo neno la walokole wengi, na ndani ya kanisa lao linaeleweka, lakini kwa jiji linalojengwa kwa kasi kama hili, kibali cha kwanza kumjia mtu akilini ni cha ujenzi. Fadhili bado ni neno safi. Luka 1:30 kwenye Union Version Mariamu ameambiwa amepata neema, na hapo neema inakaa vizuri kwa sababu malaika anaifafanua kwenye mstari unaofuata.

Na "righteousness", kwa kifupi: ni haki, kama ilivyo kwenye Biblia, ila haki ni pia kile unachokidai mahakamani. Kicheki kina shida ileile; spravedlnost ni haki ya mwenye haki mbele za Mungu, na ndilo jina la wizara yao ya sheria. Ongeza "mbele za Mungu" na uendelee.

Kwa vitendo, kazi inakwenda hivi. Omba maandishi ya mhubiri angalau siku moja kabla. Hata kama ni karatasi moja ya vichwa vya habari, inatosha. Zungushia duara kila "faith", "gift", "grace" na "favour", na juu ya kila duara andika neno la Kiswahili utakalotumia hapo, si neno moja kwa yote. Hotuba ya dakika arobaini inaweza kuwa na "faith" zaidi ya ishirini, na utakuta zimegawanyika katika maana tatu au nne. Aya za Biblia ziandike kutoka toleo moja, na uliseme jina la toleo. Hapa ndipo wengi huanguka: wameamua watatumia karama, kisha wanafika Waefeso 2:8 na kubadilisha kipawa cha Union Version kuwa karama ili ifanane. Usiiguse aya. Msikilizaji ana Biblia mapajani, anafuatilia kwa kidole, na akiona neno lako si lake anaacha kukusikiliza. Isome ilivyo, kisha eleza. Habari Njema kwenye aya hiyohiyo inasema zawadi, na pale inafaa, kwa sababu maneno yaliyotangulia, kwamba si matokeo ya juhudi zetu, yameshaifungia njia ile zawadi ya mashindano. Matoleo yote mawili unaweza kuyapata Chama cha Biblia, ambacho makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Kuwa nayo yote mawili mezani kunaokoa jioni nzima.

Mwombe mhubiri sentensi za maneno kumi hadi kumi na mbili. Akizidi ishirini utaanza kudondosha, na cha kwanza kudondoka huwa ni "si" ya kukanusha au kile kivumishi kilichokuwa kinalinda maana. Mwambie pia asicheze na maneno. Kuna mzaha wao kwamba leo inaitwa "present" kwa sababu ni zawadi. Hauna Kiswahili, na ukiulazimisha utabaki unaeleza Kiingereza mbele ya watu mia tatu. Sema "siku ya leo tumepewa na Mungu" na umsubiri aendelee.

Kwa maandishi yatakayochapwa, soma rasimu kwa sauti mbele ya watu wanne au watano wasiojua Kiingereza: mzee, kijana, Mkatoliki, mtu wa kanisa la kiroho, na kama inawezekana jirani Muislamu. Usiwaulize "mmeelewa?" Kila mtu atajibu ndiyo kwa heshima. Uliza, "Hapa nani kampa nani nini, na kwa sababu gani?" Kwa maneno ya karama na imani swali hilo moja linafichua karibu kila kosa. Mzee akijibu kwamba Mungu kawapa waliofunga na kuomba siku nyingi, wakati maandishi yanasema kawapa bure, basi sentensi imefeli, hata kama sarufi yake inang'aa.

Huko Mpwapwa, Kongwa na vijiji vya Chamwino kuna daraja la pili. Kiingereza kinakuwa Kiswahili, kisha mzee wa kanisa anakipeleka kwenye Chigogo, lugha ya Wagogo, na yeye hakusikia Kiingereza kabisa. Kila ulichokikunja, yeye atakikunja mara mbili. Jina la Mungu halina taabu, ni Mulungu na watu walikuwa wakimwita hivyo kabla ya wamisionari Waanglikana wa CMS kufika Mpwapwa miaka ya 1870. Taabu ni karama, imani na neema, ambazo anaweza kuziacha katika Kiswahili kwa kuwa ameshindwa kupata muda wa kufikiri. Kaa naye nusu saa kabla ya ibada, mpe orodha yako, na umpe vitenzi badala ya nomino: Mungu anatupa bure, tunamwamini, anatuhurumia. Kitenzi kinavuka lugha kwa urahisi zaidi, na yeye ndiye anayejua Chigogo, usimchagulie neno.

Ukikosea mbele ya watu, sahihisha hapohapo kwa "yaani", bila kumtazama mhubiri na bila kuomba radhi ndefu. "Wokovu ni zawadi, yaani Mungu anatupa bure, hatushindanii." Kwenye maandishi, kabla ya kupeleka kwa mchapaji, pitia kila "karama za roho" na uangalie hiyo r. Union Version imeandika r ndogo kwenye 1 Wakorintho 12:1, na Kigiriki pale hakina hata neno la karama. Kinasema tu mambo ya roho. Ukiandika R kubwa umesema ni za Roho Mtakatifu. Unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini fanya hivyo kwa kuamua, na ufanye hivyo kijitabu kizima, maana kompyuta ya mchapaji haitakuuliza.